Niliona Milima, Nikapoteza Sindano

Mchungaji amenipa dakika kumi. Mimi ni fundi wa nguo, na mnajua fundi akikwambia Ijumaa anamaanisha Jumanne, kwa hivyo wenye watoto wachanga wawape maziwa kabisa. Kwa wageni, mimi naitwa Kyalo. Nashona hapa Kikima, mlango wa pili kutoka kinu cha kusaga. Nimesimama kurekebisha ushuhuda. Mwaka jana nilisimama hapa hapa nikasema macho yangu yamepona, nanyi mkapiga makofi. Leo nataka niwaambie ilivyokuwa, tangu mwanzo, hata pale ninapoaibika.

Miwani nilianza kuvaa darasa la nne. Mwalimu aliandika hesabu ubaoni, mimi nikanakili ufa wa ukuta. Nikachapwa kwanza, ndipo nikapelekwa kwa daktari, naye akasema macho yangu hayafiki mbali. Alinipa miwani nene kama kitako cha chupa ya soda, na kuanzia siku hiyo nikawa Chupa. Niliitwa Chupa shuleni, nikaitwa Chupa kazini. Hata siku ya harusi yangu, mchungaji alipouliza kama kuna mwenye pingamizi, mtu mmoja huko nyuma alisema, "Chupa afute miwani kwanza amwone vizuri." Nilifuta. Nilimwona, nikasema namtaka.

Miwani ni kazi. Ukinywa chai inafunikwa na mvuke, mvua ikinyesha unatembea kwa kupapasa, mtoto ukimbeba anaing'oa. Lakini nikiwa kazini nilikuwa naivua. Hapa mnisikilize vizuri kwa sababu kesi yote iko hapa. Macho yangu yalishindwa kumtambua mtu aliye ng'ambo ya barabara, lakini kitu kilicho shubiri moja kutoka puani niliona kuliko nyinyi wote. Nilikuwa navua miwani, naleta kitambaa karibu na uso, na natia uzi kwenye sindano bila kubahatisha. Watoto wa shule walisema Chupa anakula nguo. Waache waseme. Matundu yangu ya vifungo yalikuwa yanajulikana mpaka Kwa Vonza kule kwa wakwe zangu, na watu walikuwa wanapita mafundi wanne wakija kwangu. Nimesomesha watoto watano kwa hayo matundu.

Kilichonipoteza ni kipande cha gazeti. Mke wangu, Mama Mutua, alinunua nyama, nayo ikafungwa kwa gazeti lenye picha ya mwanamume anayecheka huku akirusha miwani juu. Chini yake waliandika: Dakika kumi. Mwanga wa leza tu. Hakuna kisu, hakuna maumivu. Kwaheri miwani. Ilikuwa ni kliniki ya watu binafsi kule Nairobi. Nililaza lile gazeti mezani, nikalikausha damu, nikalisoma mara tatu.

"Mama Mutua, hebu ona."

Aliangalia akiwa anakata kitunguu. "Huyu hajawahi kuugua," akasema. "Huyu amelipwa acheke."

"Hii ni sayansi."

"Baba Mutua, uko na miaka arobaini na tisa. Hayo macho yamekulisha wewe, yamenilisha mimi, yamelisha watoto. Yamekukosea nini?"

Sikuwa na jibu, na mwanamume akikosa jibu huuza ng'ombe. Niliuza fahali wetu, yule mweusi wa kuvuta plau. Mama Mutua hakuongea na mimi siku tatu. Msimu wa kulima ulipofika alinipatia jembe mkononi bila neno, akaenda kwa mkutano wa akina mama.

Kliniki ilikuwa ghorofa ya tano. Sakafuni kulikuwa na zulia laini, mimi nikavua viatu mlangoni. Msichana wa mezani aliniambia nivae, watu wote wanaingia na viatu. Wanaume wawili wenye tai waliniangalia. Basi nikaketi pale nikiwa tayari nimeaibika, na msichana akaanza kujaza fomu.

"Miaka?"

Nikasema thelathini na nane. Mpaka leo sijui hiyo namba ilitoka wapi.

"Kazi?"

"Biashara," nikasema, tena kwa sauti nzito. Niliona nikisema ni fundi wa kutia viraka, hao wa tai watacheka. Na yeye hakuniuliza ni biashara gani. Hakuna aliyeniuliza macho yangu yanashinda yakiangalia nini. Daktari alikuwa na haraka, benchi limejaa. Alinipima na mashine tatu, akanisomesha herufi za ukutani, zile za mbali. Za karibu hakunionyesha hata moja. Nilimuuliza kama kunaweza kutokea ubaya, akasema macho yatakauka kidogo tu, siku mbili tatu, halafu nitasahau kama nilivaa miwani.

Kisha walinivua miwani wakaiweka mbali, wakanitia matone. Kila kitu kikawa uji. Ndipo yule msichana akaleta karatasi, sasa, wakati siwezi kuona hata mkono wangu. Nikauliza inasema nini. Akasema ni ya kawaida tu, kila mtu anatia sahihi. Alinishika mkono akauelekeza, nami nikatia sahihi yangu yote, na mkia wake.

Nililazwa chali. Waliweka waya wa kupanua kope, zikabaki wazi kama mlango uliowekewa jiwe. Nikaambiwa niangalie taa nyekundu, nisitikisike. Mashine ikaanza, tak tak tak tak. Sikusikia uchungu, lakini nilisikia harufu. Ndugu zangu, ni ile harufu ya kichwa cha mbuzi kikibabuliwa manyoya. Nikajiuliza ni nani anapika karibu na wagonjwa. Baadaye nikaelewa kwamba jikoni ni mimi.

Ganzi iliisha nikiwa sijafika hata Machakos. Siku tatu nililala ndani madirisha yamezibwa na magunia. Ilikuwa kama mtu amekukunia pilipili ndani ya jicho akafunga mlango akaenda harusi. Machozi yalitoka, kamasi zikatoka, mate yakatoka, vitu vyote vikawa vinatoka kwa wakati mmoja. Mama Mutua alinilisha muthokoi kwa kijiko kwa sababu nikishika sahani najimwagia. Kila kijiko alikitanguliza na maneno ya gazeti. "Hakuna kisu," anatia kijiko. "Hakuna maumivu," anatia kingine. Nilishiba hiyo siku kuliko siku zote.

Wiki ya tatu macho yakatulia, nikatoka nje. Na hii sehemu ni kweli kabisa, sitaitoa kwa ushuhuda. Niliona kilima cha Nzaui kule mbali kikiwa na kingo, kumbe siku zote kilikuwa na kingo, ila ile miwani yangu ya zamani haikuzifikia. Niliona msumari uliong'oka kwenye paa la kanisa hili. Niliona mbuzi wa jirani akila maharagwe yangu upande wa pili wa bonde, nikampigia kelele, na hata mbuzi mwenyewe akashangaa nimejuaje. Halafu nikamwona Mama Mutua akipanda kutoka mtoni na mtungi. Miaka ishirini na minane nilikuwa sijawahi kumwona akiwa mbali. Nilikuwa namjua akishafika. Niliketi kwenye jiwe nikalia kidogo.

Basi Jumapili nikasimama hapa. Nilishuhudia kwa nguvu, nikasema Mungu amenifungua macho, na kwa sadaka ya shukrani nikaweka miwani yangu kwenye kapu. Mnajua desturi yetu: sadaka isiyo ya shilingi inapigwa mnada baada ya ibada. Siku hiyo kulikuwa na trei ya mayai, malenge mawili, jogoo, na miwani ya Chupa. Mzee Kioko, shemasi wetu, alinunua ili kitu cha kanisa kisitoke nje. Akaivaa hapo hapo. Aliangalia huku na huku, kisha akasema, "Kyalo, kumbe watu wako mbali hivi? Ndiyo maana hukuwa unasalimia watu." Alitoka mlangoni akiinua miguu juu sana, kama mtu anayevuka mto, na pale ni sakafu.

Siku hiyo hiyo nilifanya kosa ambalo karibu linigharimu jicho. Kliniki walinipa matone ya kutia miezi kadhaa ili macho yasikauke. Nilikuwa nimeshuhudia kwamba nimepona. Sasa mtu akipita dukani anikute nimeinua kichwa natia dawa, ataonaje? Ataona namfanya Mungu ni fundi anayeacha kazi nusu. Nikayatupa chooni. Na Mwalimu Nduku, yule anayetufundisha kwaya, ambaye na yeye ana miwani, alipokuja kuuliza hiyo kliniki iko wapi, nilimchorea ramani mpaka ngazi za kupanda.

Jumatatu nikafungua duka, nikaketi kwenye cherehani, nikashika sindano, nikaleta uzi. Sindano haikuwepo. Nilikuwa naisikia kwa vidole, inanichoma, lakini haikuwepo. Nikaleta kitambaa puani kama kawaida, nikaona ukungu. Nikakisogeza, nikakisogeza, mpaka mikono ikaisha, na bado ni ukungu. Mlangoni naona mwanamke ng'ambo ya barabara, naona hata kiraka cha kanga yake na kwamba aliyekitia hakuwa mimi. Mkononi mwangu sioni kitu.

Nikajiambia macho bado yanajifunza. Wiki ikaisha, mwezi ukaisha. Nilikuwa naita wapita njia wanitie uzi, nikisingizia mikono ina grisi. Katibu wa kanisa alikuja kurudisha suruali, mifuko yote miwili nimeishona ikafungika, akasema ameizunguka mara mbili akitafuta pa kuingilia. Nilishona mkono wa shati langu pamoja na sketi ya mwalimu mkuu, naye alipoichukua aende nikamfuata. Aliniuliza kama nina neno nataka kumwambia. Nikasema hapana, namsindikiza tu.

Cheko lilikuwepo, siwezi kukataa. Lakini wateja walianza kunipita, mmoja mmoja, wakielekea kwa fundi wa chini karibu na posta. Ningewaambia nini? Nyinyi mlikuwa mmenipigia makofi. Kila aliyeniuliza, "Fundi, macho?" nilijibu, "Mazuri sana," na ni kweli, yalikuwa mazuri sana kwa mtu anayelipwa kuangalia milima. Nilifunika cherehani na gunia. Hapo nilianza kuogopa kikweli. Nilikuwa na miaka arobaini na tisa, sijui kazi nyingine, na kazi niliyoijua ilikuwa imetoka kwa macho yangu kwa pesa za fahali wangu.

Na macho yakakauka. Kuna vumbi la kinu pale kwangu, linaingia, linawasha, mimi nasugua na kidole gumba. Asubuhi moja jicho la kulia likakataa kufunguka. Lilikuwa limegandishwa na usaha wa manjano. Mama Mutua alilifungua na maji ya uvuguvugu, na mwanga ulipoingia niliupata kama msumari. Akanivuta mlangoni, akaniinua kidevu.

"Kuna doa jeupe juu ya mboni," akasema.

Nilijua kwamba sasa hakuna mahali pa kujificha. Yeye hakunilaumu. Alitia nguo zangu kwenye kiondo, akafunga mlango, tukaenda hospitali ya serikali.

Daktari wa macho alikuwa mama wa makamo, asiyepoteza maneno. Aliangalia na taa yake muda mrefu. "Hiki ni kidonda kwenye kioo cha mbele cha jicho," akasema. "Ungengoja wiki moja zaidi, hili jicho tungelizika." Nikalazwa. Matone kila nusu saa, na yale matone yakitoka jichoni yanashukia kooni, machungu kuliko mwarobaini. Siku nne sikujua kama jicho litabaki. Mama Mutua aliketi kando ya kitanda akisuka kiondo, na kila nikishtuka namsikia pale. Siku ya tano daktari akawasha taa yake, akasema, "Limekubali." Kovu limebaki, dogo, pembeni. Mkinitazama vizuri mtaliona.

Siku ya kuniruhusu aliniuliza, "Unafanya kazi gani?"

"Fundi."

"Wa magari?"

"Wa nguo."

Aliweka kalamu chini. "Na waliokuchoma macho walijua?"

Nikaangalia dirisha. Naliona vizuri sana hilo dirisha.

"Macho yako yalikuwa mabovu kwa mbali, mazuri kwa karibu," akasema. "Mtu wa miaka yako aliyezaliwa na macho ya kawaida, sasa hivi anatafuta miwani ya kusomea. Wewe hukuihitaji, ulikuwa unavua tu. Wao wamekupatia mbali, wamechukua karibu. Walitakiwa wakuambie kabla."

"Na ya karibu itarudi?"

"Hairudi. Nitakuandikia miwani."

Nilicheka. Nilicheka mpaka nesi akaja kuangalia. Nilikuwa nimeuza fahali ili ninunue miwani.

Mama Mutua hakucheka. Alisema tutaenda Nairobi. Nilimwambia hao watu wana zulia, hawatatusikiza. Akasema atakwenda kuona zulia.

Tulipofika, msichana wa mezani alisema daktari ana shughuli, turudi mwezi ujao. Mama Mutua akasema hakuna shida, tutangoja. Akaketi, akafungua kiondo, akatoa mbaazi na kuanza kuambua, maganda akiyatia kwenye leso yake vizuri ili asichafue. Akaingia bwana mmoja wa miwani, akaketi karibu naye. Mama Mutua akamsalimia kwa heshima, akamuuliza, "Baba, na wewe wamekuuliza unafanya kazi gani?" Bwana akasema hapana. "Huyu ni mume wangu. Ni fundi wa nguo. Haoni sindano." Akaendelea na mbaazi. Yule bwana alikaa kidogo, akakumbuka ana mkutano. Akaja mama mmoja na binti yake, nao wakaulizwa vile vile, kwa upole ule ule. Wa nne alipoondoka, daktari akapata nafasi.

Alifungua faili yangu akiwa na uhakika. "Bwana Kyalo alisema ana miaka thelathini na nane," akasema. "Na kazi ni biashara. Sisi tungejuaje?"

Mama Mutua alinigeukia taratibu. "Thelathini na nane?"

Nikaangalia zulia.

"Mutua ana ishirini na saba. Kwa hivyo ulimzaa ukiwa na miaka kumi na moja?"

Daktari alikohoa. Nami nilitamani lile zulia lifunguke nipite. Lakini mke wangu alikuwa hajamaliza. Alimgeukia daktari akasema, "Huyu ni mwongo, nitashughulika naye nyumbani. Wewe ulimwangalia uso ukaona thelathini na nane? Na wewe ni daktari wa macho?"

Daktari akasema hata hivyo mteja alisoma masharti akatia sahihi. Akatoa karatasi kutoka kwa faili. Akaiangalia mbele, akaigeuza nyuma. Karatasi ilikuwa na K. Nusu ya K, pembeni kabisa, na mstari unaotoka nje ya karatasi. Jina lingine lote nililiandika juu ya meza.

Yule daktari, na hapa nampa haki yake, alikaa chini kama mtu aliyechoka, akasema, "Tulikosea. Tungekuuliza." Walirudisha kiasi cha pesa. Hakikuwa fahali mzima, tuseme kutoka shingoni kwenda nyuma. Na Mama Mutua alikataa kuondoka mpaka waandike kwenye fomu yao, mbele yake, swali la kuuliza mtu anatumia macho yake kwa kazi gani.

Sasa mngedhani nilitoka huko nikanunua miwani ya kusomea. Sikununua. Ile karatasi ya daktari wa serikali ilikaa mfukoni mwezi mzima. Niliyepigisha mnada miwani kanisani, nitaonekana na nyingine kwa uso gani? Cherehani ilibaki chini ya gunia. Tukala mbaazi, tukalipa karo kwa kuku, na mimi nikashinda mlangoni nikiangalia Nzaui mpaka nikaichukia.

Aliyenitoa huko ni mama mkwe. Alikuja kutoka Kwa Vonza na kitambaa cha bluu. Wageni wasiojua desturi ya Wakamba, mama mkwe na mume wa binti yake hawaketi chumba kimoja ila kanisani, hawatazamani usoni, wakikutana njiani mmoja anaingia kichakani. Hiyo tunaita nthoni. Ukiivunja unalipa mbuzi. Sisi tumeokoka, lakini nthoni haikuokoka pamoja na sisi. Basi yeye aliketi jikoni, mimi nikabaki dukani, na Mama Mutua akawa anabeba maneno.

"Mama anasema umshonee rinda la ibada ya shukrani. Vifungo kumi na viwili mbele."

"Mwambie macho hayajapata nguvu."

Akaenda, akarudi. "Anasema hakuuliza habari ya macho. Ameuliza rinda."

"Mwambie siwezi kuona sindano." Ndiyo mara ya kwanza nilitamka hayo maneno kwa sauti nyumbani kwangu.

Safari hii alikawia. Akarudi na kitu kilichofungwa kwa leso. Ilikuwa miwani, ile mama mkwe anayosomea Biblia. "Anasema uvae hii."

"Mama Mutua, hii imetoka usoni kwa mama yako. Hii ni mbuzi."

"Anasema mbuzi atamla."

Nilingoja mke wangu aondoke. Nikafunga mlango. Nikaivaa, mkono mmoja ukikaza ili isidondoke kwa sababu ni ya uso mdogo. Nikachukua kile kitambaa cha bluu, na nikaona nyuzi. Niliona nyuzi moja moja zikipishana, ya juu na ya chini, kama nilivyokuwa nikiziona zamani. Nikachukua sindano, ilikuwepo, na tundu lake lilikuwepo. Uzi uliingia mara ya kwanza. Nilishona tundu moja la kifungo kwenye kipande cha pembeni, nikalipima kwa ukucha, nikalijua ni langu. Hapo nililia bila kuficha, nikalowesha kitambaa cha mama mkwe, na ikabidi nikipige pasi.

Vipimo alinipimia Mama Mutua kwa kamba. Rinda lilipoisha, mama mkwe alilivaa, akaja akasimama mlangoni mwa duka amenipa mgongo, nami nikageukia ukuta. Akasema, sio kwa kupitia mtu, "Huu ni mkono wako. Nimeujua." Hayo ni maneno yake ya kwanza kwangu tangu nioe. Nikauambia ukuta asante.

Miwani yake alikataa kuipokea, imeshagusa uso wa mkwe. Nilimnunulia mpya, nikajinunulia yangu, nikatoa mbuzi, wakala.

Kwa hivyo nawashukuru. Namshukuru Mungu, namshukuru yule daktari mama, namshukuru mke wangu, ambaye niliuza fahali bila kumsikiliza. Mwalimu Nduku, sikukatazi. Wako waliochomwa na huo mwanga wakapona vizuri, na macho ni yako. Lakini ukienda, taja miaka yako yote, taja kazi yako, uliza ni nini utakachopoteza, na karatasi usome ukiwa bado na miwani. Ukipewa matone, tia, hata mbele ya mchungaji. Na mtu akisimama hapa kushuhudia kabla kidonda hakijafunga, msimpigie makofi. Mwambieni arudi kazini kwanza.

Mama mkwe yuko hapa leo, ameketi upande wa akina mama, na amevaa lile rinda. Mimi siwezi kugeuka upande huo. Nyinyi mnaweza. Vifungo ni kumi na viwili, na matundu yake nimeyashona kwa mkono wangu, baada ya yote haya.